Kuogelea Hofsós: mwongozo kamili wa bwawa la jotoardhi lililo ukingoni mwa bahari Aisilandi

Hofsós ni kijiji kidogo kaskazini mwa Aisilandi, upande wa mashariki wa ghuba ya Skagafjörður. Wakazi wake ni mia moja na ushee tu, lakini wana bwawa la kuogelea ambalo watu husafiri kutwa nzima kulifikia. Bwawa hilo lina urefu wa mita 25, limejengwa juu kabisa ya genge la bahari, na maji yake yana joto mwaka mzima, hata theluji ikiwa imefunika kingo. Ukiwa ndani, ukingo wa upande wa bahari unauficha ufuo ulio chini yake. Macho yanatoka kwenye maji ya bwawa na kuingia moja kwa moja kwenye maji ya ghuba, mpaka kwenye kisiwa cha Drangey kilichosimama wima mbele yako.

Nimeandika mwongozo huu kwa msafiri anayetaka kufika pale mwenyewe kwa gari, kuoga kama wenyeji wanavyooga, na kukaa majini bila wasiwasi wa kuvunja taratibu za watu. Sehemu kubwa ya maelezo, hasa yale ya kujisafisha kabla ya kuingia, inafaa kwa bwawa lolote la umma utakalolikuta Aisilandi.

Kwanza, chagua bwawa

Kando ya bahari ya Aisilandi kuna mabwawa ya jotoardhi ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko picha zinavyoonyesha.

Aina ya kwanza ni ya kibiashara. Sky Lagoon, iliyofunguliwa mwaka 2021 huko Kópavogur, iko jirani kabisa na mji mkuu Reykjavík. GeoSea, iliyofunguliwa mwaka 2018 mjini Húsavík, inatazama ghuba ya Skjálfandi ambako watu huenda kutazama nyangumi, na maji yake ni ya bahari yaliyopashwa moto ardhini. Ni mahali pazuri, pana huduma, pana vinywaji, na bei yake inakwenda maelfu kadhaa ya króna, sarafu ya huko, kwa mtu mmoja.

Aina ya pili ni ya halmashauri na vijiji. Hapa ndipo Hofsós ilipo. Kiingilio cha mtu mzima katika mabwawa ya namna hii huwa ni króna elfu moja na kitu, na wanaooga humo ni wavuvi, walimu, wafugaji wa kondoo na watoto wa shule. Krossneslaug, lililojengwa mwaka 1954 kwenye pwani ya Strandir, liko chini ya mlima na mawimbi yanavunjika hatua chache tu kutoka lilipo. Uzuri wake unapita maelezo, ila barabara yake ya changarawe ni ndefu na wakati wa baridi hufungwa kwa vipindi virefu. Huko Drangsnes kuna mabeseni matatu ya maji moto kando ya barabara, yakitazama bahari. Hellulaug, karibu na Flókalundur, ni dimbwi la asili kwenye miamba. Guðlaug liko ufuoni mwa Langisandur mjini Akranes tangu mwaka 2018, na linamfaa mtu aliye Reykjavík ambaye hana siku nyingi.

Mimi naichagua Hofsós mbele ya yote hayo, na sababu yangu ni hii: pale unapata bwawa halisi la kuogelea kwa mikono na miguu, beseni la maji moto la kukaa, bahari mbele ya macho na maisha ya kijiji, vyote mahali pamoja. Bwawa lenyewe ni zawadi. Wanawake wawili wa eneo lile, Steinunn Jónsdóttir na Lilja Pálmadóttir, waligharimia ujenzi na kuwakabidhi wananchi, na lilifunguliwa mwaka 2010. Wasanifu wa Basalt Architects walilizamisha jengo la kubadilishia nguo ndani ya mteremko ili lisikinge mandhari ya bahari. Ukitokea barabarani huoni jengo la kujigamba. Unaona paa la chini, nyasi, kisha bahari.

Joto linatoka wapi

Aisilandi imekaa juu ya mpaka wa mabamba mawili ya ardhi, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, ambayo yanaachana polepole. Mwamba wa moto uko karibu na uso wa dunia, na maji yanayopenya ardhini hupashwa moto na kurudi juu kupitia chemchemi au visima vilivyochimbwa. Nyumba karibu tisa katika kila kumi za nchi hii hupashwa joto kwa maji hayo, na mabwawa ya kuogelea huunganishwa kwenye mabomba hayo hayo. Ndiyo maana hata kijiji kidogo kinaweza kumudu bwawa la wazi katika nchi ya barafu.

Kuna na sababu ya pili, yenye huzuni. Taifa hili limeishi kwa uvuvi, na kwa karne nyingi wanaume walizama karibu na nchi kavu kwa sababu hawakujua kuogelea. Tangu mwaka 1940 mafunzo ya kuogelea ni ya lazima kwa watoto wote wa shule. Bwawa la kijiji, basi, ni darasa kabla ya kuwa starehe, na ukilijua hilo utaelewa kwa nini kanuni zake zinachukuliwa kwa uzito.

Panga wakati: mwanga, upepo, saa za kufungua

Wageni wengi huuliza kuhusu baridi. Baridi si tatizo, kwa kuwa maji ya moto yanaishinda. Kinachoamua kama utafurahi au utateseka ni upepo.

Ghuba ya Skagafjörður imefunguka upande wa kaskazini. Upepo wa kaskazini ukivuma, unaingia ghubani moja kwa moja kutoka Bahari ya Aktiki, unaleta mawingu, mvua au theluji, na kichwa chako kilichoko nje ya maji kinaganda huku mwili ukiwa umepata joto. Upepo wa kusini ukivuma, mambo hugeuka: hewa inashuka kutoka milimani ikiwa kavu na ya uvuguvugu, mbingu inafunguka, Drangey inaonekana wazi. Kwa hiyo fungua tovuti ya idara ya hali ya hewa, vedur.is, siku mbili tatu kabla, na uangalie mwelekeo wa upepo kabla ya kuangalia nyuzi joto. Kasi huandikwa kwa mita kwa sekunde. Ikifika 15 usiendeshe gari refu au la kulala. Ikifika 20 ahirisha safari. Tahadhari hutolewa kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu, na wenyeji hawazipuuzi.

Kuhusu majira, Juni na Julai jua karibu halizami. Katikati ya Juni linagusa upeo wa macho huko kaskazini-magharibi baada ya saa sita usiku na kuchomoza tena muda mfupi baadaye, na saa za mwisho za kuogelea jioni zinakuwa za mwanga wa dhahabu unaolala juu ya ghuba. Ukipata nafasi ya kuchagua, ingia majini saa mbili kabla ya kufungwa. Desemba mchana ni wa saa chache sana, tatu au nne, lakini giza lenyewe lina faida yake: kuanzia Septemba hadi Aprili mwanga wa kaskazini, ile miale ya rangi inayocheza angani, unaweza kuonekana usiku wenye mbingu safi, na kuutazama ukiwa kwenye maji ya moto ni neema. Binafsi napenda mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba. Wageni wamepungua, barabara bado ni nzuri, na usiku umerudi.

Saa za kufungua hubadilika kwa msimu. Wakati wa kiangazi bwawa hukaa wazi mpaka jioni; wakati wa baridi saa hupunguzwa, hasa wikiendi. Angalia tovuti ya halmashauri ya Skagafjörður asubuhi ya siku unayokwenda, na ukiwa na shaka piga simu. Epuka kutegemea sikukuu: tarehe 17 Juni ni siku ya taifa, na wikiendi ya Jumatatu ya kwanza ya Agosti ni mapumziko makubwa ambapo nchi nzima iko barabarani. Pia mabwawa hufungwa siku kadhaa kwa matengenezo, na kukitokea baridi kali mno maji ya moto hupelekwa majumbani kwanza.

Nyaraka na pesa

Aisilandi iko katika eneo la Schengen, hivyo wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani wanahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Omba mapema kabla ya msimu wa kiangazi. Sarafu ni króna, lakini karibu kila kitu hulipwa kwa kadi, hata kwenye bwawa la kijijini. Hakikisha kadi yako ina namba ya siri unayoikumbuka, kwa sababu pampu nyingi za mafuta vijijini hazina mhudumu na hazikubali kadi isiyo na namba ya siri.

Njia ya kwenda

Gari la kukodi ndiyo njia ya uhakika. Leseni iwe na picha na iandikwe kwa herufi za Kilatini. Vinginevyo chukua leseni ya kimataifa. Chukua bima inayofidia uharibifu wa changarawe, na ukiwa unafungua mlango wa gari siku ya upepo ushike kwa mikono miwili, kwani milango iliyong'olewa na upepo ni hasara ya kawaida huko na bima nyingi haziilipi.

Kutoka Reykjavík fuata Barabara Namba 1 kuelekea kaskazini. Utapita chini ya bahari katika handaki la Hvalfjörður, lililofunguliwa mwaka 1998 na sasa halitozwi ushuru, kisha mji wa Borgarnes, kisha utapanda nyanda za juu za Holtavörðuheiði. Hapo ndipo hali ya hewa hubadilika ghafla; kama ni majira ya baridi, angalia umferdin.is kabla ya kupanda, kwani tovuti hiyo inaonyesha barabara zilizofungwa na zenye barafu. Baada ya Blönduós barabara inavuka Vatnsskarð na kushuka Varmahlíð, na ghuba inafunguka mbele yako. Muda mfupi baada ya Varmahlíð kata kushoto uingie Barabara Namba 76 upande wa mashariki wa ghuba. Kutoka Varmahlíð hadi Hofsós ni kama kilomita 35 hadi 40. Safari nzima ni saa nne au zaidi kidogo, bila vituo.

Ukitaka kuvunja safari, kata barabara karibu na Borgarnes uende Reykholt ukaone Snorralaug, beseni la mawe alilokuwa akiogea mwanahistoria Snorri Sturluson katika karne ya 13. Huruhusiwi kuoga humo, lakini ni vizuri kuona kwamba desturi hii ina umri gani.

Kutoka Akureyri una njia mbili. Ya haraka inapita Öxnadalsheiði na kuchukua kama saa moja na nusu. Ya mandhari inazunguka rasi ya Tröllaskagi kupitia Dalvík, Ólafsfjörður na Siglufjörður. Kwenye njia hii kuna mahandaki ya zamani yenye upana wa gari moja tu, la Múlagöng na la Strákagöng. Kanuni ni rahisi: ambaye vijisehemu vya kupishana viko upande wake wa kulia ndiye anayesimama na kupisha. Ukiona taa zinakuja, usisubiri zikukaribie. Ingia pembeni mapema.

Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe na 50 mijini. Taa za mbele ziwake mchana na usiku. Kondoo huachiliwa kiangazi chote na hupenda kusimama mmoja upande huu wa barabara na mwanawe upande wa pili. Punguza mwendo, maana mdogo atamkimbilia mama yake mbele ya gari lako.

Cha kubeba

Vazi la kuogelea lililo safi, taulo, sabuni na mafuta ya kujipaka, kwa sababu maji ya moto yakifuatiwa na upepo mkavu yanaikausha ngozi. Kofia ya sufu kama ni baridi; hakuna atakayekushangaa ukiivaa ndani ya maji. Chupa ya maji ya kunywa isiwe ya kioo. Pete na mikufu ya fedha iache kwenye begi, kwani maji ya moto ya sehemu nyingi yana harufu ya salfa na hufanya fedha kuwa nyeusi. Mwenye nywele ndefu au zilizosukwa azifunge juu. Asiye na taulo au vazi anaweza kukodi katika mabwawa mengi, lakini kijijini usiweke matumaini yote hapo.

Kutoka mlangoni hadi majini

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Lipa mapokezini. Ukiwa bado na nguo zako, uliza mambo matatu: saa ya kufunga, joto la beseni siku hiyo, na kama pana sehemu ya faragha ya kuogea kwa anayehitaji. Maswali haya hayamsumbui mtu yeyote.

Vua viatu kabla ya kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Kuna rafu, viatu huachwa hapo, au huingizwa ndani ya mfuko. Sakafu ya ndani hukanyagwa na miguu mitupu tu, na kiatu chenye tope humfedhehesha aliyekivaa.

Soma mlango: *Konur* ni wanawake, *Karlar* ni wanaume. Maneno mengine utakayokutana nayo ni *sundlaug*, bwawa, *heitur pottur*, beseni la maji moto, *sturta*, bafu la manyunyu, *opið*, pamefunguliwa, *lokað*, pamefungwa, na *hætta*, hatari.

Vua nguo zote, weka vitu kwenye kabati, kisha chukua taulo, sabuni na vazi lako la kuogelea mkononi uende bafuni. Usilivae bado. Taulo liweke kwenye rafu iliyo kati ya bafu na chumba, litakusubiri hapo.

Sasa oga bila vazi, kwa sabuni. Ukutani utakuta picha ya umbo la mtu lenye sehemu zilizotiwa rangi: kichwa, makwapa, sehemu za siri na nyayo. Hizo ndizo sehemu unazotakiwa kusugua. Sababu yake ni ya afya. Mabwawa haya hutiwa klorini kidogo, na usafi wa maji unategemea usafi wa kila anayeingia. Anayejimwagia maji juu ya vazi akaingia, amewaingizia wenzake jasho, mafuta ya ngozi na vumbi la safari nzima. Mhudumu akimwona atamrudisha, tena mbele ya watu.

Najua kwa wengi wetu jambo hili ni gumu. Tumelelewa kusitiriana, na kuvua nguo mbele ya watu usiowajua kunakwenda kinyume na kila tulichofunzwa nyumbani. Niseme yanayosaidia. Wanawake na wanaume wametenganishwa kabisa. Hakuna anayekutazama, kila mtu yuko kwenye sabuni yake, na kutazama wengine ndiyo tabia mbaya hasa. Simu na kamera ni marufuku ndani ya vyumba hivi. Mabwawa mengi yana walau kijichumba kimoja chenye pazia au mlango, na kukiomba si aibu. Unaweza pia kugeukia ukuta, ukajifunga taulo mpaka chini ya bomba, ukamaliza kwa dakika mbili, ukavaa vazi lako hapo hapo. Vazi linaloufunika mwili wote halina neno mradi ni la kitambaa cha kuogelea. Fulana ya pamba na suruali ya ndani chini ya vazi havifai, kwa sababu vinabeba uchafu na nyuzi.

Angalizo la bomba: maji ya moto ya Aisilandi ni ya moto kwelikweli. Fungua baridi kwanza, kisha ongeza moto polepole.

Ukishavaa, toka nje. Kati ya mlango na maji kuna hatua chache za hewa ya wazi, na siku ya upepo hatua hizo ndizo zitakazokutesa. Tembea, usikimbie, sakafu imelowa na huenda ina barafu.

Ndani ya maji

Anza na bwawa kubwa. Joto la mabwawa ya wazi ya kuogelea Aisilandi kwa kawaida linazunguka nyuzi 28 au 29, kiasi kinachomfaa mtu anayejisogeza. Ukisimama tu utaanza kuhisi ubaridi mabegani. Ogelea kuelekea upande wa bahari, ukifika ukingoni weka viwiko juu yake, utulie. Maji yako usawa wa kidevu. Mbele yako mstari wa bwawa umekatika, na hapo hapo ghuba imeanzia, ya kijivu au ya buluu kutegemea siku. Ndege wa baharini wanapita chini ya macho yako, si juu, kwa sababu wewe uko juu ya genge.

Kisiwa unachokiona, Drangey, kina kuta za mwamba zinazopanda karibu mita 180. Masimulizi ya kale ya Aisilandi yanasema mtoro Grettir Ásmundarson alijificha huko miaka yake ya mwisho pamoja na nduguye Illugi. Moto wao ulipozimika, Grettir aliogelea kama kilomita 7 mpaka bara, ng'ambo ya ghuba kutoka ulipo wewe, akajipasha mwili kwenye dimbwi la maji moto ambalo mpaka leo linaitwa Grettislaug. Ukiwa na siku ya ziada, endesha kupitia Sauðárkrókur ukaoge na huko. Liko ufuoni kabisa.

Baada ya kuogelea hamia kwenye beseni. Mabeseni ya Aisilandi huwa kati ya nyuzi 37 na 42, na joto huandikwa pembeni. Ingia polepole, kaa dakika kumi hadi kumi na tano, toka upumzike, unywe maji, kisha rudi. Ukisimama ghafla kutoka kwenye maji ya nyuzi 40 shinikizo la damu hushuka na kichwa huzunguka, kwa hiyo keti kwanza ukingoni. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu azungumze na daktari kabla ya safari, na akiwa pale achague beseni la joto la chini. Pombe haina nafasi katika mabwawa ya umma.

Beseni ni baraza la kijiji. Watu huingia wakisema *góðan daginn*, wanakaa, wanazungumza hali ya hewa, siasa na bei za vitu. Salimia ukiingia. Ukiulizwa umetoka wapi, jibu kwa moyo mkunjufu, maana swali limeulizwa hivyo hivyo, na katika kijiji cha watu mia na kitu mgeni ni habari. Ila usipaze sauti, wala usirushe maji.

Kuhusu picha, nina msimamo. Piga kabla ya kuingia, ukiwa nje, kutoka juu kwenye maegesho; pembe ya pale ni nzuri kuliko ya mtu aliyenyoosha simu majini. Ukitaka kupiga ukiwa ndani ya eneo la bwawa, omba ruhusa mapokezini, na usimpige mtu yeyote ambaye hajakubali, hasa watoto.

Watoto

Mtoto aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kuingia bila kuandamana na mtu wa miaka 15 au zaidi. Asiyejua kuogelea avalishwe maboya ya mikononi, ambayo mabwawa mengi huazima bure. Mtoto asikae kwenye beseni la moto kama mtu mzima. Mwili wake hupata joto haraka mno.

Bahari iliyo chini

Chini ya bwawa kuna Staðarbjargavík, kijighuba chenye nguzo za basalti zenye pembe, zilizopangana kama sega la nyuki. Zilitokea lava ilipopoa na kupasuka. Ngazi zinashuka mpaka pale, na inafaa kwenda kabla ya kuoga, ukiwa na viatu vyenye kushika na nguo kavu. Miamba iliyo karibu na maji huwa na utelezi, na wimbi kubwa huweza kuja baada ya mengi madogo. Usiipe bahari mgongo.

Na usijaribu kuruka baharini kwa sababu tu bwawa liko karibu. Maji ya bahari ya kaskazini mwa Aisilandi hayafiki nyuzi kumi na kitu hata kiangazi, na wakati wa baridi huwa nyuzi chache juu ya sifuri. Mwili ukitoka kwenye joto na kuingia humo, pumzi hukatika na mikono hukataa kufanya kazi ndani ya dakika chache. Kuna Waaisilandi wanaoogelea baharini, lakini wamezoea taratibu na hawaendi peke yao. Namba ya dharura nchi nzima ni 112.

Baada ya kuoga

Rudi bafuni, jisuuze, kisha ujikaushe mwili mzima kabla ya kuvuka kwenda kwenye makabati. Kulowanisha sakafu ya chumba ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kukwepa sabuni. Tafuta kijimashine kidogo ukutani: unatumbukiza vazi lako, unabonyeza kifuniko kwa sekunde kadhaa, na linatoka karibu kavu.

Kausha nywele vizuri na uvae kofia kabla ya kutoka. Usiingie barabarani mara moja. Maji ya moto hulegeza mwili na kuleta usingizi. Tembea kijijini kwanza. Bandarini kuna Kituo cha Wahamiaji, Vesturfarasetrið, kilichoanzishwa mwaka 1996, kinachosimulia habari za Waaisilandi walioondoka kwenda Amerika Kaskazini. Kilomita chache kusini mwa kijiji kuna Grafarkirkja, kanisa dogo sana lililojengwa kwa udongo wenye nyasi ndani ya ukuta wa duara. Kama mwanga ungalipo na upepo umetulia, kutoka hapo unaweza kuendelea Hólar, palipoanzishwa makao ya maaskofu mwaka 1106, au kurudi kaskazini kuelekea Siglufjörður. Jaza mafuta kabla ya kuondoka, na weka vazi lako mahali utakapolifikia kwa urahisi, kwa sababu kila mji utakaoupita mbele una bwawa lake.